Zima, Tusali

Mwenyekiti wetu alisimama mbele ya kanisa siku ya Jumapili, misa imetoka sasa hivi, akapiga bodi ya gari jipya kwa kiganja na kusema: “Hii ni otomati. Ata mutoto anaiendesha. Tumeachana na mambo ya kuomba-omba mutu.”

Mtu huyo wa kuombwa-ombwa nilikuwa mimi. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, rozari bado mkononi. Watu walicheka, na mimi nikacheka. Miaka imepita na bado najichukia kwa kicheko kile. Ningemtukana pale pale, mambo mengine yote yasingetokea.

Tulikuwa watu kumi na mmoja, Warundi wote, wanawake saba na wanaume wanne, tulioungana kununua gari moja ili tupeleke maharage na mahindi yetu Mbarara badala ya kuwauzia walanguzi wanaokuja hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, na mizani yao ya uongo. Gari letu la kwanza lilikuwa na sura ya sanduku, viti vinane, mlango wa kuteleza ambao ulihitaji teke. Lilikuwa la gia, ambalo sisi tunaliita la vitesi. Katika watu wote kumi na mmoja, aliyeweza kuliendesha alikuwa mmoja tu. Baba yangu alikuwa shoferi wa lori la kahawa kule kwetu, na kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume alinikalisha mimi kwenye usukani nikiwa na umri wa miaka kumi na minne.

Kwa hiyo miaka minne nilikuwa shoferi. Kiti kile kilikuwa changu, na sijui nieleze vipi maana yake kwa mtu ambaye hajawahi kupangiwa foleni ya kila kitu maishani mwake: ya unga, ya kuni, ya karatasi, ya kusikilizwa. Kwenye kiti kile mimi ndiye niliyesema tunaondoka saa ngapi. Mimi ndiye niliyesema gunia hili halipandi. Mwenyekiti alipotaka nimpeleke harusini Kikagate siku ya soko, avae koti lake na kuonekana anashuka kwenye gari, nilimwambia siku ya soko ni ya maharage. Akaniomba tena, akiita watu washuhudie jinsi anavyoomba. Nikakataa tena.

Aliwahi kujaribu kuliendesha mwenyewe. Alilizima mara sita kati ya kliniki na soko la Base Camp, mara ya saba likaruka kama mbuzi likasimama ndani ya kibanda cha nyanya. Ambreyaji, yaani klachi, ilinuka siku mbili. Wauza nyanya walimcheka, na yeye, badala ya kuchukia klachi, alinichukia mimi.

Sasa niseme habari ya mteremko.

Petroli kambini inauzwa kwa chupa za maji, zile za lita moja na nusu, na sisi hupima gari kwa chupa. Jumapili baada ya misa wenye magari walikuwa wakisimama kivulini kando ya ukuta wa kanisa, wanne au watano, kila mmoja na funguo mkononi hata kama gari liko mita mbili kutoka alipo, na mazungumzo yakawa hayo hayo. Yangu inakwenda Mbarara na kurudi kwa chupa nane. Yangu saba. Yangu sita, na nilikuwa na watu tisa ndani. Mwongo mkubwa kuliko wote alikuwa fundi cherehani mmoja aliyesema gari lake lilirudi na petroli zaidi ya aliyotoka nayo, kwa sababu lilikuwa jipya. Saba yangu mimi ilikuwa ya kweli. Niliipata kwa ujanja: kabla ya Kaberebere kuna mteremko mrefu, na pale juu nilikuwa naliweka huru, nazima injini, naacha ufunguo nusu ili usukani usijifunge, tunashuka wenyewe. Breki zake zilikuwa nzito hata injini ikiwaka, kwa hiyo hazikunitisha. Baba angeniona angenizaba kibao, lakini baba hakuwahi kununua petroli kwa chupa.

Injini ikishazimwa, ndani ya gari kulikuwa kimya, magurudumu tu na upepo. Siku moja mwanamke mmoja nyuma akaanza Salamu Maria, wengine wakaitikia, na tukagundua kwamba mteremko ule unatosha fungu moja la rozari, Salamu kumi kamili. Wakifika kwenye “Atukuzwe Baba” ndipo mimi naingiza gia ya tatu, naachia klachi, gari linashtuka na kuwaka. Basi ikawa desturi. Tukifika juu, mtu anasema, “Mama shoferi, zima, tusali.” Hata Waadventista waliopanda kwa dharura walikaa kimya wakatuheshimu.

Namba ya gari ndiyo iliyoleta mabadiliko. Uganda watu husoma umri wa gari kwenye namba. Letu lilianza na UAE, na pale ukutani UAE ilikuwa kitu cha kuzungumzwa kwa kukohoa. Mwenyekiti aliumwa na jambo hilo kuliko alivyoumwa na njaa ya mwaka ule mvua ilipokataa. Alipita kwa wanachama mmoja mmoja. Akawaambia wanawake kwamba gari jipya lina kiyoyozi. Akawaambia wanaume kwamba halina klachi. Mimi hakuniambia kitu, nilisikia kwa jirani yangu nikiwa nateka maji.

Tulikwenda Mbarara mimi na yeye, mimi nikiendesha lile la zamani mara ya mwisho ili kumkabidhi mnunuzi, sajini mmoja wa kambi ya jeshi, na kuchukua lile jipya. Mnunuzi alikuwa anatusubiri na mke wake nje ya gereji. Akalizunguka gari, akafungua boneti, akasikiliza injini kichwa kikiwa kimeinama.

“Nyabo, nani anaendesha hii gari?”

“Ni mimi, afande.”

“Wewe? Kumbe!” Akamgeukia mke wake. “Unaona? Mama anaendesha gari ya gia.” Kisha akaniambia, “Mimi auto hapana taka. Kule ninapelekwa, betri ikikufa, hii unasukuma mara moja inashika. Auto utasukuma mpaka pensheni.”

Alinisalimia kwa mkono kabla ya kuondoka. Mwenyekiti hakumwona, alikuwa upande wa pili anapiga picha namba ya gari jipya. UBL! Aliipiga peke yake, kisha akajipiga nayo akiwa amechuchumaa kando yake.

Fundi wa gereji, Munyankole mmoja mfupi mwenye ovaroli, alikuwa anakagua gari jipya kutoka chini. Akatoka, akajifuta mikono, akanitazama mimi kwa sababu mimi ndiye aliyeniona nikiendesha; mwenyekiti alikuwa ameshaingia ofisini kulipa.

“Mama, hii gari ni mzee sawa na ile mnauza. Ilizaliwa zamani, ni hapa tu ilibatizwa juzi. Lakini iko mzima kama mtatunza. Kitu moja, sikia vizuri. Mko na ule mlima wa Isingiro. Usizime injini kwa mteremko. Hii si kama ile. Mafuta ya ndani ya giaboksi inatembea kama injini inatembea. Wewe ukizima na gari inakimbia, ndani inakauka, inaungua. Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Waambie wote.”

Nilikuwa na nia ya kuwaambia, naapa. Tuliporudi mwenyekiti ndiye aliyeendesha, kwa mwendo wa maiti, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kueleza jambo la mafuta. Sikutaka kuonekana nina wivu, nikasema nitaeleza Jumapili mbele ya wote, taratibu. Ilipofika Jumapili yeye akawahi. Akapiga bodi kwa kiganja akasema ata mutoto.

Nikafunga mdomo.

Nasema hivi wazi kwa sababu nimechoka na watu wanaosimulia hasira zao kama mvua iliyowanyeshea. Hasira yangu niliishika mwenyewe kwa mikono miwili. Nilirudi nyumbani, nikapika, nikala, nikalala, nikaamka nikijua jambo ambalo gari lile lilihitaji lijulikane, na nikaamua kutolisema. Nilijiambia: kama ata mutoto anaiendesha, basi hahitaji kuambiwa na mwanamke.

Siku ya soko iliyofuata nilipanda nyuma na gunia langu kama abiria. Hakuna aliyenitazama usoni. Wanawake wale ambao magunia yao nimeyapandisha kwa bega langu miaka minne walikuwa na shughuli nyingi sana na vitambaa vyao vya kichwa. Kiyoyozi kilikuwa kinavuma, na mwenyekiti alikuwa amevaa miwani ya jua asubuhi yenye ukungu.

Tulipofika juu ya mteremko, mmoja akasema kwa mazoea, “Zima, tusali.”

Mwenyekiti alisita. Nadhani alisubiri mtu amwambie kwamba hili haliwezi. Kisha akavuta kile kijiti cha gia hadi N, yaani huru, akageuza ufunguo kidogo vile vile nilivyokuwa nikifanya, akasema kwa fahari, “Na hii pia inashuka yenyewe!” Akatazama kwenye kioo akaniona. “Mama, wewe sasa uko na mikono yako huru. Tuanzishie.”

Nikaanzisha. Kwa jina la Baba na la Mwana. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku ile, nakumbuka.

Tulifanya hivyo siku za soko tano. Kila Jumapili yeye alikuwa kivulini na wenzake, akisema sasa anakwenda kwa chupa sita, na safari hiyo hakuwa mwongo sana. Fundi cherehani alimuuliza amefanyaje, naye akasema teknolojia. Nilikuwa nasikia nikipita. Hasira ilikuwa imenikaa tumboni kama ugali wa jana, na bado nilikuwa nafurahi. Siku ya soko ya nne nilisikia harufu, tukipanda mlima baada ya Kaberebere: mafuta yaliyoungua, harufu tamu tamu ya kuudhi. Gari lilikuwa linavuta nusu sekunde baada ya kuambiwa. Nikajua halina wiki mbili.

Siku ya tano tulikuwa na Mukecuru. Ndivyo tunavyomwita mwanamke mzee kwa heshima, na huyu alikuwa jirani yangu, mjane, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Mbarara kwa siku tatu, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho. Alikuwa amesubiri tangu mwaka uliotangulia. Karatasi yake ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko umefungwa shingoni kwa kamba, na kila baada ya dakika chache alikuwa anaugusa. Alikaa kando yangu, akashika mkono wangu njia nzima kwa sababu gari lilikuwa linamtia kizunguzungu.

Ningeweza kusema. Hapo ndipo ningeweza kusema, tulipofika juu na mtu akasema tusali. Ilikuwa sentensi moja tu: usizime, linaungua. Nilimtazama mwenyekiti mgongoni, shingo yake iliyonyolewa vizuri, na nikataka gari life. Nilitaka life leo, kweupe, mbele ya watu wote, na afungue boneti asijue anatazama nini, na mtu amuulize yule mutoto yuko wapi aje aendeshe. Mukecuru nilimsahau. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu na nilimsahau.

“Tuanzishie, mama.”

Nikaanzisha.

Lilishuka vizuri. Likapita Kaberebere. Kwenye kilima cha kwanza baada ya mji injini ikapiga kelele kubwa, gari halikwenda. Akakanyaga. Kelele ikazidi, gari likaanza kurudi nyuma, wanawake wakapiga mayowe, akavuta breki ya mkono. Moshi mwembamba ukatoka chini. Alishuka, akafungua boneti, akaangalia ndani kama mtu anayeangalia kisima. Yote niliyoyataka niliyapata. Shati lake liliroa mgongoni.

“Tuisukume,” akasema.

Wakasukuma. Watu saba, kwenye kilima, gari la otomatiki. Walisukuma kwa imani kabisa, kwa sababu maisha yetu yote gari likigoma linasukumwa linawaka. Nilisimama kando nikiwaangalia, na hapo ndipo nilipomwona Mukecuru amekaa kwenye jiwe, uso ameuelekeza upande ambao hakukuwa na mtu, anaugusa mfuko wake.

Nilikimbilia barabarani. Nikasimamisha kila kitu chenye magurudumu. Lori la ndizi lilisimama kutuchukua baada ya saa nzima, nami nikapanda na Mukecuru nikimkumbatia kiuno asianguke. Tulifika hospitali mchana. Madaktari walikuwa wameshafunga vifaa vyao kwenye masanduku. Daktari mmoja, dada mpole, alimulika macho yake kwa tochi, akaliandika jina lake mwanzoni kabisa mwa orodha ya safari ijayo, akasema huenda ikawa miezi sita.

Tulikaa kwenye ngazi. Mukecuru hakulia. Alinipapasa goti.

“Ungelikuwa wewe mu usukani,” akasema, “tungelikuwa tumefika.”

Niliinuka nikaenda kutafuta gari la kuturudisha kambini.

Giaboksi ilikuwa imekwisha. Fundi mfupi alipoifungua aliniita, akanionyesha mafuta meusi kwenye karai, akaniuliza, “Hukuwaambia?” Mwenyekiti alikuwa amesimama hapo hapo. Alinigeukia polepole. Nilimtazama machoni na kumwambia, “Ata mutoto anaiendesha.” Nilikuwa nimeiweka sentensi ile wiki tano, na ilipotoka haikuwa na ladha yoyote.

Mkutano ulifanyika. Nilitegemea wanifukuze. Lakini mwenyekiti hakusema nilijua, kwa sababu angelazimika kusema na kwa nini sikusema, na hilo lingemrudisha mbele ya kanisa na kiganja chake. Akasema magari ya otomatiki hayafai milima yetu. Watu wakakubali kwa vichwa. Gari bovu likabadilishwa na jingine la gia, kuukuu, namba UAK, na yeye mwenyewe akaniletea funguo nyumbani. Akazisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja.

“Tunakuomba,” akasema, akiangalia ukuta.

Hakusema pole. Sikusema pole. Nilichukua funguo na bado namchukia, na sijui kama ni yeye tu ninayemchukia. Padri anasema nisamehe. Padri hana gari.

Wiki ile ile nilikwenda kwa Mukecuru kumwambia kiti cha mbele ni chake siku atakayoitwa. Alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole, mawe upande huu, mabovu upande ule, haraka kuliko sisi wenye macho. Nilikaa chini. Nilikuwa nimekuja kusema habari ya kiti, nikajikuta nasema yote: fundi, kanisani, siku tano, harufu. Sikuacha kitu. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

Nilipomaliza, alichambua mpaka akamaliza rundo.

“Na ile siku,” akasema, “ile sauti yenye ilianzisha sala, ilikuwa yako?”

“Ilikuwa yangu, Mukecuru.”

“Miye niliitikia,” akasema. “Zote kumi.”

Akavuta rundo jingine. Nilikaa pale muda mrefu, na hakuniambia niondoke wala hakuniambia nibaki.

Madaktari walirudi baada ya miezi saba. Asubuhi ile nilipita nyumbani kwake mapema na gari, nikakuta mlango umefungwa. Nilimkuta mbele ya Kaberebere, lori la ndizi likipanda kilima taratibu, naye yuko juu ya mikungu, amefungwa kwa leso kiunoni kwenye kamba ya lori ili asianguke, mfuko wake wa nailoni shingoni. Nilipiga honi. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio yake ni mazima, na honi yangu anaijua kila mtu wa Base Camp. Nikapiga tena, nikashusha kioo, nikamwita. Hakugeuka. Nilikaa nyuma ya lori lile mpaka Mbarara, gia ya pili, sikulipita, na kiti cha mbele kando yangu kilikuwa kitupu.